Mjomba Anataka Niache Vidonge Kabla ya Posa

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie, maana usingizi sipati. Mimi ni binti wa Mgeta, nalima karoti na mama, nilianza kuanguka kifafa nikiwa darasa la sita na nimekunywa dawa tangu hapo, na sasa ni mwaka wa tatu sijaanguka hata mara moja, namshukuru Mungu, ila Emmanuel wa Mwembesongo anataka kuleta posa, na sisi Waluguru mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, basi mjomba Laurenti akaniita akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kusema uongo mbele ya wakwe. Acha hivyo vidonge sasa, ili wakiuliza niseme hanywi dawa yoyote, na iwe kweli," nami mjomba nampenda, ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo tangu juzi nakata kidonge, nusu nakunywa, nusu natupa chooni, mama hajui, Emmanuel hajui kitu, naogopa kuanguka na naogopa kuachwa, na sijui naogopa kipi zaidi.

Yuliana

Marahaba, Yuliana mwanangu. Pole sana. Lakini hiyo nusu ya chooni imenitoa jasho! Leo hii rudi kwenye dozi kamili uliyoandikiwa, kisha uende kliniki ukamweleze daktari yote.

Kutaka kuacha dawa si kosa. Aliyekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka anaweza kumuuliza daktari kama wakati umefika, na wapo wanaoacha kabisa. Ila daktari ndiye anayepima, na hupunguza kidogo kidogo, kwa miezi. Ukijikatia mwenyewe, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kisikome, na watu hufa hivyo. Wewe unalima kwenye mteremko na kupika kwenye mafiga, utaangukia wapi? Mwambie daktari pia kwamba unaolewa, maana dawa nyingine hubadilishwa kabla ya mimba.

Mjomba simlaumu sana, anaogopa uongo. Lakini siku ya posa si kipimo cha kuacha dawa, wewe! Nenda naye kliniki asikie mwenyewe. Emmanuel mwambie kwa mdomo wako, kabla wazee hawajakaa. Akikimbia utalia, nami nitakuonea huruma, lakini mume lazima ajue kukulaza ubavu ukianguka.

Na mjomba akitaka kusema kweli mbele ya wakwe, aseme hii: "Mtoto wetu anakunywa dawa, ndiyo maana mnamwona amesimama."