Shingo ya Dereva

Tarehe 12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama tulisalimiana jana kwenye simu, na nina hakika wewe ulikuwa umekaa pembeni unasubiri zamu yako mpaka salio likaisha. Kwa hiyo tukubaliane: simu ni ya Mama, barua ni zako. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka au unaiangalia tu?

Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nimepata chumba ghorofa ya tatu, kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta. Kazi nimeanza. Ni ile kampuni ya mabasi niliyokwambia, ila kwa sasa nayaosha. Ndiyo, Baba. Mimi, miaka tisa ya kuendesha mabasi ya safari ndefu, nashika brashi na ndoo. Leseni yetu hapa hawaitambui, lazima nifanye mtihani upya kama niliyejifunza juzi. Kampuni inatoa nafasi tatu. Ukifeli zote, jina lako linafutwa kwenye orodha ya madereva, na wewe na brashi mnafunga ndoa. Usiwe na wasiwasi, mtihani wa kwanza ni mwezi ujao, na hizo nafasi mbili nyingine sizihitaji.

Halafu nimewapata watu wa kwetu! Wanakutana kila Jumapili kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Mwenyekiti wao ni msusi, mwanamke wa maneno mengi, anakusalimia huku anakukagua nywele. Yupo pia fundi bomba mmoja mwenye gari linalokohoa. Niliposimama kujitambulisha nikasema mimi ni dereva wa basi, ukumbi mzima ukapiga makofi, na hapo hapo nikapewa jina: Dereva. Habari za brashi sikuwaambia. Wameshaanza kuniuliza nitapangiwa njia gani.

Mwanao


Tarehe 30 Januari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mgongo upo, umekataa kuhama. Mama yako anakusalimia na anauliza kama unavaa soksi mbili mbili.

Barua yako nimeisoma mara nne, na ya nne nimewasomea wenzangu pale karakana, kwenye benchi letu la wastaafu. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Wewe utahiniwe? Wewe uliyeteremsha basi la abiria sitini mlimani, breki zimekufa, kwa gia peke yake? Huyo mtahini akae kiti cha nyuma ajifunze!

Nakwambia kitu kimoja tu. Kaa kitini kama nilivyokufundisha: mgongo wima, mikono laini, masikio wazi. Endesha kama ninavyoendesha mimi, usibadilishe hata nukta.

Baba yako


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo wote. Soksi navaa tatu tatu, mwambie Mama.

Nimefeli.

Nimeliandika neno hilo peke yake nisije nikalizunguka. Breki safi, gia safi, kona safi, hata kurudi nyuma kati ya koni mtahini mwenyewe aliguna kwa kusifu. Nikajiona nimeshamaliza kazi. Tuliposimama akanipa karatasi, na mstari mmoja ulikuwa na alama kumi na moja: kioo cha kushoto, hakutazama. Kumi na moja, Baba! Nikambishia. Nikamwambia miaka tisa sijagusa hata kuku. Akaniuliza kwa upole, "Sasa upande wa kushoto ulikuwa unajuaje kama hakuna mtu?" Kwetu kondakta ananing'inia mlangoni, anapiga bodi, najua kushoto kweupe. Huku basi halina kondakta.

Ukumbini siendi tena. Msusi amenipigia mara tano, sipokei. Nitawaambia nini watu walionipigia makofi? Kwamba Dereva wao anasugua matairi?

Baba, wewe kioo cha kushoto ulikuwa unakitazama? Mikono yako naikumbuka, redio naikumbuka, lakini shingo yako ikigeuka kushoto siikumbuki. Niambie ulikuwa unafanyaje, nami nifanye vivyo hivyo.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki saba hujanijibu. Nikimuuliza Mama kwenye simu anasema "baba yako yupo, ana mawazo," kisha anabadilisha mazungumzo kwenda kwenye soksi.

Jana nimefeli tena. Safari hii alama tisa, kosa lile lile. Nilijiandika "kushoto" kwenye kiganja kwa kalamu. Nilikiona kiganja, kioo sikukiona. Macho yanagoma kwenda, kama huko hakuna kitu. Imebaki nafasi moja, tarehe 16 Juni, na baada ya hapo basi.

Kama umenikasirikia kwa kukuaibisha kwenye benchi, sema. Maneno yako makali nayaweza. Kimya chako sikiwezi.

Mwanao


Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, kwa sababu najua si nzuri, na aliyeiharibu ninamjua.

Sikukukasirikia hata kidogo. Nilikuwa naona aibu. Barua hii nimeianza mara sita nikachana. Leo Mama yako amenikalisha mezani, akafunga mlango, akasema chakula baada ya barua. Nanusa mchuzi ninapoandika.

Jicho langu la kushoto halioni. Halijaona tangu ulipokuwa na miaka minane, cheche ya chuma iliponirukia nikiwa nachomelea chasisi. Nilimwambia Mama yako tu. Ningesema kazini wangenishusha kwenye lori siku hiyo hiyo, na nyie mlikuwa wanne. Kila nilipokwenda kupimwa macho nilikuwa nimeshazikariri herufi za ule ubao, naziimba kama shairi la shule. Nilibeba saruji, sikubeba watu, ndivyo nilivyojifariji. Hilo si la kujivunia na sikuambii ujivunie.

Unakumbuka likizo zako tulivyokuwa tunasafiri wote kwenye lori? Unakumbuka ule mchezo, nakuuliza "kushoto kukoje?" nawe unajibu "safi" au "baiskeli"? Ulidhani nakuchangamsha. Mwanangu, haukuwa mchezo. Wewe ndiye uliyekuwa jicho langu. Halafu ulipokua nikakuweka kwenye usukani, ukaniiga vilivyo, mpaka shingo. Nilikufundisha gari zuri na shingo mbovu. Nilipoisoma ile karatasi ya alama kumi na moja nilijua hapo hapo, na badala ya kukwambia nikajificha wiki tisa.

Nisamehe. Yale niliyokuandikia, usibadilishe hata nukta, yafute. Badilisha. Na huwezi kujigeuza shingo mwenyewe, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Rudi kwa wale watu wa ukumbini, uwaambie ukweli wote. Mimi ukweli wangu nimeuficha miaka ishirini na tano, angalia tumefika wapi.

Baba yako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Baba yangu,

Sikufichi, nilikasirika siku tatu. Ya nne nikalia. Ya tano ilikuwa Jumapili, nikaenda ukumbini.

Nilisimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikawaambia: naosha mabasi, nimefeli mara mbili, shingo yangu haigeuki kushoto kwa sababu nilifundishwa na baba mwenye jicho moja. Samahani, siri yako nimeitoa. Kisha fundi bomba akanyoosha mkono, akasema yeye ule mtihani wa gari dogo alifeli mara nne, ndiyo maana hapendi mtu amsifie udereva. Mwalimu wa hesabu, ambaye wote tulidhani anafundisha, akasema anapanga maboksi. Baba, tulicheka! Kumbe ukumbi mzima ulikuwa umevaa vyeo vya kuazima.

Msusi ndiye aliyepata dawa. "Mimi kazi yangu ni kugeuza vichwa vya watu," alisema, "wapende wasipende." Kila Jumapili asubuhi tunakwenda uwanja wa maegesho na lile gari linalokohoa. Msusi anakaa nyuma yangu, mikono miwili kichwani kwangu, kama vile nimekuja kusukwa. Tulianza gari limezimwa. Kabla ya kugusa kitu, kichwa kushoto! Nikisahau, ananigeuza. Nikibisha, anavuta sikio. Wengine watatu wamebanana pembeni yake na mbele, wote wanahesabu kwa sauti. Mwanzo alinigeuza mara arobaini kwa saa moja. Jumapili iliyopita gari lilitembea saa nzima, akanigeuza mara mbili tu. Akalalamika kwamba mikono imekosa kazi.

Kitu cha ajabu ni hiki: siku hizi nikiosha basi, hata likiwa limesimama, naona vitu kushoto. Mlango, mwenzangu, ndoo. Nusu ya dunia ilikuwa pale na mimi nilikuwa naipita.

Zimebaki wiki mbili.

Mwanao


Tarehe 5 Julai

Baba! Baba!

Shikamoo, na samahani naanza kwa kelele. Ulisikia kwa Mama kwamba nimefaulu, najua, alipiga kigelegele simu ikakatika. Lakini ya jana hajaisikia, nimekuwekea wewe.

Mtihani wenyewe ni habari fupi. Kwenye kona ya pili niligeuka kushoto, na mwendesha baiskeli alikuwepo, kabisa kabisa, mwanamke mwenye kofia ya manjano. Nikasimama, akapita. Hakujua lolote, akaenda zake. Mwishoni mstari ule wa kioo cha kushoto ulikuwa mweupe, hauna alama hata moja, mtahini akanipa mkono.

Jana ndiyo niliendesha kwa mara ya kwanza na abiria. Njia yangu inapita mbele ya maktaba. Nilipokaribia kituo nikaona umati, nikadhani kuna ajali. Walikuwa wao! Watu thelathini na kitu, wamevaa nguo za sherehe saa nne asubuhi, siku ya kazi. Msusi amefunga saluni. Fundi bomba amevaa tai. Wakapanda mmoja mmoja, kila mtu analipa nauli yake, kila mtu ananisalimia "shikamoo Dereva," hata wale walionizidi umri. Kikongwe mmoja wa hapa aliyekuwa ameketi mbele akaniuliza tunakwenda harusi ya nani. Nikamwambia hakuna harusi, bibi. Akasema basi na yeye hashuki.

Hawakuwa wanakwenda popote, Baba. Tulifika mwisho wa njia, wakabaki vitini, tukarudi nao. Waliimba njia nzima. Sheria inakataza abiria kuzungumza na dereva, haikusema kitu kuhusu kumwimbia. Nililia, lakini macho yalikuwa yanafanya kazi yote, kulia na kushoto.

Huku ni kwangu sasa. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Mwanao


Tarehe 20 Julai

Dereva,

Marahaba. Ndiyo, mimi nimekuita hivyo, na sitakuita vingine.

Barua zako nimezipeleka kwenye benchi nikazisoma zote, pamoja na ile inayotaja jicho langu. Nilidhani watanicheka. Yule aliyepaliwa na chai akasema yeye sikio la kulia halisikii tangu ujana. Tukatazamana kama vichaa.

Kisha nikaondoka peke yangu, nikapanda basi mpaka ofisi ya leseni. Nikaiweka yangu mezani, nikamwambia karani nairudisha. Dada wa watu akashangaa, akasema mzee, hii bado ina miaka miwili, kwa nini unairudisha?

Nikamwambia, "Kwetu yupo dereva."

Baba yako