Shamba Si la Mkwe

Mjukuu wangu Daudi uliyeko Masasi,

Huna haya! Nimekulea kwa mikono hii, leo umekuwa mkalimani wa Mzungu ili umnyang'anye mama yako mdogo shamba?

Kumbuka siku mlipokuja hapa Newala, Mzungu wako akikusanya mila zetu aziandikie boma. Tulikaa uani sote, na mkwe wangu Baba Esta, mume wa mama yako mdogo, alikuwapo, Mungu amrehemu, kavaa shati lake la kanisani. Mzungu akauliza, shamba lile la mikorosho la nani? Nikasema, "La mkwe wangu huyu." Wajomba zako wakaitikia, "La mkwe." Tungejibu nini? Mwanamume kaja kuoa kwetu, analima kwetu, halafu umwambie mbele ya mgeni kwamba hana hata tuta moja? Ile ni heshima, si sheria. Wewe ukamgeuzia Mzungu maneno matupu, heshima yake ukaimeza.

Na ulijua! Ulikuwa mdogo, tunapanda kutoka bondeni na maji, mimi na mtungi, wewe na kibuyu chako, ukaniuliza mbona nasema shamba la mkwe. Nikakwambia, "Mkwe hupewa sifa, ardhi hubaki na tumbo la mama." Ukanitazama tumbo, ukasema, "Basi bibi, lako litatosha kijiji kizima." Mtundu wewe! Nilicheka hadi maji yakanilowesha mgongo.

Sasa Baba Esta tumemzika. Nduguye kaja kutoka Tandahimba, hata matanga hayajaisha, anadai mikorosho kaipanda marehemu, basi na shamba ni lao. Liwali anasema ndivyo mila ilivyoandikwa. Mama yako mdogo kaanza kufunga vyungu. Nikamfokea, "Fungua mzigo huo! Mtu anahama kwao kwenda wapi?" Kafungua, lakini analia.

Tangu uondoke sina wa kubishana naye jikoni, mume wangu mdogo. Nakutamani. Ila kutamani hakutanizuia kukuchapa.

Mimi sihami, na mwanangu hahami. Wanangu wote nimewazalia hapa, na mama yangu amelala hapa. Salamu zako baki nazo huko, sizitaki kwa barua.

Panda lori uje kabla baraza halijakaa tena. Mlete na Mzungu wako. Simama mbele ya liwali useme kwa sauti ulichokinyamazia siku ile, na Mzungu aandike upya hapo hapo, sote tukimtazama.

Bibi yako, mzaa mama yako