Mchezaji Wetu wa Tisa

Kijiji cha Arahama,
Visiwa vya Yaeyama,
Okinawa.
20 Aprili 2024

Mpendwa Baba Mdogo Eiki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Campinas ukiwa mzima, na kwamba goti lako la kushoto limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama ametimiza miaka themanini na minne, na karela zake bado anazipalilia mwenyewe.

Uliniuliza habari za timu ya besiboli. Tangu nianze kufundisha hapa, kila kijana hodari wa kurusha mpira huchukuliwa na shule kubwa za bara mara tu afikapo miaka kumi na mitano. Mwaka huu mimi na Kocha Maezato tuliazimia kuingia mashindanoni kwa jina la shule yetu, bila kuunganishwa na shule nyingine, kwa vijana waliozaliwa hapa tu. Timu ni watu tisa; tulipata wanane. Wa tisa, tena mrushaji, angekuwa Shuto, mtoto wa kaka Eisho. Lakini shule moja ya Osaka ilikuwa imeshamwita, na baba yake ameridhia.

Sikuthubutu kumshawishi. Nilichelea kuisemea timu huku nikidai namsemea mtoto.

Ikawadia Siku ya Kumi na Sita, mwaka mpya wa marehemu wetu. Tulikuwa tumeketi mbele ya kaburi, masanduku ya chakula yamefunguliwa, Mama alipowasha ubani na kuwaarifu wazee, jina kwa jina, kwamba Shuto ataichezea shule ya kisiwani.

"Mama! Nani kakwambia?" Eisho alimaka, kipande cha nguruwe kikamponyoka.

"Hakuna. Nimewaambia mimi."

"Basi waambie umekosea!"

"Waambie wewe, Baba Shuto. Ubani huo hapo. Anza na babu yako, yule mkali."

Wewe wajua, neno likishafika kaburini halirudishwi kirahisi. Eisho aliushika ubani, akauweka chini, akaushika tena. Hatimaye akamgeukia mwanawe na kumwuliza, nadhani kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka kucheza na hawa niliokua nao," Shuto alijibu. "Hao wa Osaka tutakuja kuwafunga."

"Domo hilo! Haya, baki. Ila masomo ukiyatupa, nakupeleka Osaka mwenyewe kwa mashua."

Hivyo tukawa tisa. Nilifurahi, kisha nikaionea shaka furaha yangu: je, alichagua kijana, au walimchagulia waliolala? Huenda pia swali hilo ni la watu waliosoma kupita kiasi.

Jumapili iliyopita tulicheza mechi ya kwanza, tukafungwa kumi na moja kwa mbili. Wenzake walipokwisha kuondoka, nilimkuta Shuto akichora upya mistari ya uwanja kwa chokaa. Nikamwuliza kama anajuta.

"Shangazi, hebu sogea kidogo. Umeukanyaga mstari."

Nikasogea.

Nisalimie Mama Mdogo Kiyo, binamu Paulo, na Marisa pamoja na wanawe. Shemeji yako, Mama, anakusalimu sana, na Eisho pia. Wazee waliotangulia wakuangalie huko uliko, wakujaalie usingizi mwema na riziki isiyokatika.

Ni mimi mwanao, nikukumbukaye kwa mapenzi,

Tomoe