Pilipili za Ng'ambo ya Ua wa Minyaa

Kwako Bibi Mshauri, mpendwa wa wasomaji wengi,

Naleta mbele yako haja yangu kwa unyenyekevu, nikitumaini hutaipuuza kwa kuwa inahusu chungu na pilipili, kwani mimi ni mwalimu niliyehitimu mwaka jana katika chuo cha ualimu cha wasichana, nikapata cheti cha Serikali, na katika somo la mapishi nilikuwa wa kwanza darasani, hata bibi mkuu wetu, Mwingereza, akatamka mbele ya wenzangu kwamba hakuna jiko litakalonishinda. Na sasa, Bibi Mshauri, jiko la mafiga matatu hapa Ulemo limenishinda.

Nimeolewa na kijana wa hapa ambaye yuko Tabora kwa kazi ya ukarani wa reli, nami nakaa na mama yake, ambaye nitamwita Mama Yunisi ingawa si jina lake, mjane, mtu wa maneno machache lakini kila neno lina ncha, na tulipatana vizuri mpaka alipopatwa na homa mwezi wa Septemba, ikamlaza, kisha ikamwacha. Mganga wa zahanati akampima, akasema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni kula, lakini kula ndiko asikotaka, anamega matonge mawili ya ugali wa mtama, anachovya katika mlenda, anasukuma sahani, na kanga anayojifunga, ambayo zamani ilimtosha kwa shida, sasa inamzunguka karibu mara mbili.

Nilipombembeleza aniambie roho yake inataka nini, alisema, "Mlenda huu umelala. Hauna pilipili." Alimaanisha zile pilipili ndogo nyekundu ambazo watu huziita kichaa, alizozizoea tangu aje hapa akiwa bibi arusi, lakini kwa ukame wa mwaka huu miche yake imekauka kabla ya kuzaa karibu katika kila uwanja, sokoni hazipo, na hata wachuuzi wa asali wanaopita wakitoka Mgori niliwauliza wakatikisa vichwa.

Basi nikakumbuka mafunzo yangu, kwamba kiungo kikikosekana hutafutwa kingine kinachokaribiana nacho, nikaanza na pilipili manga kutoka duka la Kihindi kule Kiomboi, nikaitwanga, nikaitia, mama akatafuna, akanitazama, akauliza, "Mwalimu, umenitilia mchanga?" Nikajaribu tangawizi, akasema, "Hii ni dawa ya kikohozi, nami sikohoi." Nikajaribu haradali, akashika pua, machozi yakamtoka, akasema, "Imeuma puani, mdomoni haikufika. Dorika akiisikia harufu hii atacheka mpaka aanguke." Mwisho nikanunua pilipili ya unga, nyekundu ya kupendeza macho, akailamba kwenye kidole, akasema, "Imezeeka dukani kuliko mimi. Imebaki rangi tu. Hata Dorika hawezi kumpa mtu kitu kama hiki."

Yafaa nieleze Dorika ni nani, jina ambalo pia nimelibadili. Ni mama mdogo kwangu, mke wa mdogo wake marehemu baba mkwe, na nyumba yake inatazamana na yetu, katikati pana ua wa minyaa, yeye na mama mkwe waliletwa hapa wakiwa maarusi mwaka mmoja, wakatwanga katika kinu kimoja, wakabebeana watoto mgongoni, lakini mwaka juzi, katika arusi ya binti wa Dorika, mama mkwe wangu alionja mchuzi mbele ya wageni wa upande wa bwana arusi, akasema kwa sauti, "Dorika, huu ni mchuzi au ni maji ya kuoshea vyombo?" na watu wakacheka, na wageni wakacheka, na Dorika akaweka mwiko chini, na tangu siku hiyo hawajasemezana. Na katika Ulemo yote, Bibi Mshauri, mpilipili niujuao uliosalia hai ni wa Dorika, tena sababu yake naijua, kwa maana kila jioni huumwagilia hayo hayo maji ya kuoshea vyombo; umejaa, umewiva, nauona kupitia upenyo wa ua, na nadhani mama mkwe naye anauona, kwa kuwa siku hizi huagiza kigoda chake kiwekwe papo hapo kwenye upenyo, akisema kuna upepo mzuri.

Nilipotaja kwenda kuomba, alinikatisha: "Ukikanyaga uwanja wa Dorika kuniombea pilipili, usinipikie tena." Na Dorika mwenyewe nakutana naye kisimani kila asubuhi, namwamkia, "Shikamoo, mama mdogo," naye huitika, "Marahaba, mwanangu. Mama yako jana alikula?" nami kwa kulinda heshima ya nyumba, na sitaficha, kwa kulinda pia heshima ya cheti changu, hujibu, "Alikula vizuri, mama mdogo, alimaliza," naye husema, "Haya," hujitwika mtungi wake na kuondoka. Isitoshe, hapa petu pilipili haipokelewi mkononi, kwa imani kwamba mkono kwa mkono huleta ugomvi, bali mwenye nazo huziweka chini, juu ya jiwe au ungo, na mwenye haja huziokota. Desturi ambayo mimi nimekwisha kuikemea darasani kuwa ni ushirikina.

Mama anapungua, Bibi Mshauri, na mume wangu akirudi Krismasi atamkuta katika hali gani, nami nitajieleza vipi? Nakuomba unitajie kiungo kiwezacho kweli kushika nafasi ya pilipili kichaa. Na kama hakipo, je, nitakosea nikimtuma mtu akachume chache kwa siri, kisha nikamwambia mama zimepatikana sokoni?

Nangoja jibu lako kwa heshima,
Mwalimu L., Ulemo

*

Mwalimu L., binti yangu,

Pole sana. Kumpikia mtu asiyekula kunachosha kuliko kulima, na hakuna cheti kinachomfundisha mtu namna ya kuiondoa sahani iliyosukumwa pembeni. Wewe ni mkwe mwema. Wengi wangekwisha kusema, "Mzee amedeka," wakajilia wenyewe.

Nianze na ulichouliza. Umetafuta kiungo kwa kufuata ukali, hukuuliza pilipili inafanya kazi gani katika chungu kile. Katika mlenda, kazi yake ni kukata utelezi na kuuamsha ulimi uliochoshwa na homa. Pilipili manga ni nzuri katika supu ya kuku. Katika mlenda chembe zake hubaki zimetengana, na mama yako hakukuonea aliposema mchanga. Tangawizi irudishe kwenye chai na uji. Haradali usimpe tena mtu aliyetoka kitandani. Unga wa dukani unuse kabla ya kuununua: usipokuwasha puani, chunguni hautafanya kitu. Kiungo kitakachokusogeza karibu si kikali hata kidogo. Ni ukwaju. Uloweke, uukamue, uchuje, utie kijiko kimoja cha maji yake unapoepua mlenda, pamoja na karanga zilizotwangwa. Uchachu hukata utelezi kama ukali unavyoukata. Mpikie leo, ataongeza matonge mawili matatu.

Lakini hatamaliza, nawe usinilaumu wala usiulaumu ukwaju.

Isome tena barua yako, mwanangu. Wewe uliandika habari za viungo, lakini mama mkwe wako kila akionja anamtaja Dorika. Atacheka Dorika. Hawezi kutoa kitu kama hiki Dorika. Tena anaweka kigoda kwenye upenyo wa ua na kukuambia habari za upepo! Upepo gani huo usiopatikana upande mwingine wa nyumba? Wanawake hawa wametwanga pamoja ujana wao wote. Mmoja alisema neno baya mbele ya wakwe, na sasa amekonda, na hajui pa kuanzia.

Hapa nitakugombeza kidogo. Mwanamke aliyeaibishwa mbele ya wageni wake anaimeza aibu yake kila asubuhi, anakuuliza kama aliyemwaibisha amekula, nawe unamjibu, "Alimaliza." Ulitaka afanye nini? Amletee pilipili mtu aliyeshiba? Umeona unalinda nyumba, kumbe umekuwa ukifunga mlango uliokuwa ukigongwa. Najua hukukusudia. Ulikuwa na hofu ya kuonekana umeshindwa, nasi tuliopita shule tunaijua hofu hiyo. Ila iweke kando sasa, kwa kuwa anayeilipa ni mama yako.

Kutuma mtu akachume kwa siri, hapana. Mama yako anauona mche ule kila siku, anajua sokoni hazipo, naye atazitambua kwenye tonge la kwanza. Hatakuuliza neno. Ataacha tu kukuamini, na Dorika akikuta matawi yamevunjwa mtakuwa na ugomvi wa pili juu ya wa kwanza.

Na ile desturi ya jiwe, usiikemee tena darasani kabla hujaitazama vizuri. Kama mkono kwa mkono huleta ugomvi, sijui, wala sitabishana na mkaguzi wako wa shule. Ninachojua ni kwamba kitu kilichowekwa juu ya jiwe hakuna aliyelazimika kukiomba, wala hakuna aliyelazimika kuja kukitoa akitazamwa usoni. Mama yako amesema hataomba. Dorika hawezi kuingia kwenu bila kuitwa. Jiwe linawafaa wote wawili.

Fanya hivi. Kesho kisimani, Dorika akikuuliza, mwambie kweli: "Hajala, mama mdogo. Anasema mlenda umelala." Kisha nyamaza. Usiombe pilipili, usieleze habari ya arusi, usilie. Hujakanyaga uwanja wake wala hujamwombea mtu kitu, kwa hiyo amri ya mama yako iko pale pale.

Ukirudi nyumbani, piga magoti umweleze mama yako ulichosema, siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mwingine. Atakasirika. Huenda akasema umemvua nguo kisimani. Msikilize mpaka amalize, na usimjibu kwa elimu yako. Halafu tafuta jiwe pana, lioshe, liweke kwenye upenyo wa ua karibu na kigoda chake. Akikuuliza ni la nini, mjibu kwamba ni jiwe.

Ukiona pilipili zimewekwa pale, pika mlenda mtupu, bila ukwaju, bila chochote, mpelekee penye upepo wake, umwambie, "Mama, jiweni pana pilipili." Kisha ingia ndani utafute kazi ya kufanya. Usimwokotee. Mkono utakaoziokota ni wake, na kama Dorika atakuwa amesimama upande wa pili akijifanya anamwagilia mche, hilo si la kutazamwa na mkwe. Na mama akizila, tafadhali, usimkumbushe zimekuzwa kwa maji gani.

Huenda siku ya kwanza asiziguse, na ya pili pia. Usiziondoe, usizifunike, usimsukume kwa neno lolote. Endelea kumpikia kwa ukwaju na kumjibu Dorika kweli kila asubuhi. Pilipili kichaa ikikaa juani haiozi. Hukauka tu, na ukali wake hubaki ndani. Zitamngoja.