Mguu Niliouficha Matema

Mjukuu wangu Ambakisye, ugonile. Bibi yako hajambo, na mpunga mwaka huu umekubali. Nasikia umenuna kwa sababu jeshini wanataka uwe askari wa kawaida kwanza, ndipo uwe ofisa.

Enzi za Mjerumani kikosi chetu kilifika Matema tukichechemea kwa funza. Efendi, mkubwa wetu aliyeanzia uaskari kama sisi, akaja kukagua miguu. Nikauficha wangu, maana kwetu kumnyooshea mkubwa mguu ni kukosa adabu.

“Lete huo mguu,” akasema. “Hata mimi walinitafuna nilipokuwa askari.”

Akapiga goti mchangani, akawatoa kwa mwiba. Nani angemkimbia mkubwa kama yule? Hadi leo natamba kwamba nilikuwa askari wake.

Ukivishwa nyota, sitakuuliza ni ngapi. Nitakuuliza umekagua miguu ya nani.

Babu yako