Kabla Papa Bolamba Hajacheka

Jumapili, usiku

Mutoto wangu Sifa amepanda sasa hivi juu ya kiti cha baba yake, akanyoosha kidole na kuniambia: "Citoyenne, nani alikuambia ukae?" Iko na miaka mitatu tu. Nimecheka kidogo, halafu nikamushusha haraka.

Maneno hayo ameyatoa kwenye televizio, nyumbani kwa papa Bolamba, mukubwa wa chama katika kartie yetu, mutaa wetu. "Citoyenne", mwananchi, ndivyo chama kinataka tuitane. Sisi majirani tunakaa chini na kutazama, na hakuna mutu anayecheka kabla yeye hajacheka. Leo ilikuwa mchezo mufupi: mukubwa mwenye abakosti, lile koti la watu wa chama, anakunywa bia polepole, na mufanyakazi wake, mwanamuke, amesimama mbele yake, jasho linamutoka. Mukubwa hakupaza sauti hata mara moja. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

Alors Sifa akasema kwa nguvu: "Mama, huyu ni papa Bolamba!"

Watu wote wakageukia papa Bolamba. Bwana yangu akacheka. Ni woga, ninamujua, lakini alicheka peke yake.

Papa Bolamba hakumuangalia bwana yangu. Alingojea mchezo uishe, akasema taratibu: "Citoyenne, peleka mutoto alale. Bwana yako abaki kidogo."

Kidogo gani hii? Watu wote wamekwisha kurudi kwao, bwana yangu bado. Bon, labda wanakunywa tu. Labda kesho atatutania, atamuita Sifa artiste.

Kuna mutu kwenye mulango. Ni muke wa papa Bolamba: "Mama Sifa, njoo. Na mutoto pia."

Nitamubeba mugongoni. Nitasema ni mutoto, hajui kitu, nitasema... Ananiita tena, ninaacha kuandika.