Chandarua Chini ya Dari ya Moto

Harrow, 12 Novemba 1978

Mdogo wangu Sheikha,

Pokea salamu za baridi, maana hapa hatuna nyingine. Sisi wazima, ninyi huko Unguja, hamjambo? Mama amefika salama. Nyumba hii niliyonunua ni kuukuu, lakini mwenyewe wa zamani alitia nyaya za umeme ndani ya dari, na joto linashuka kama jua la saa nne. Hata hivyo Mama halali. Anasema kitanda kisicho chandarua ni cha maiti. Nimemwambia hapa London hakuna mbu.

Kaka yako, Talib

Zanzibar, 3 Desemba 1978

Kaka Talib,

Shikamoo. Hapa twashukuru, ila watoto wana mafua. Nimemshonea Mama chandarua cha nguo nzito ya marekani, tabaka mbili, kimzuilie na baridi. Anakileta Muhiddin wa jirani. Mama akishindwa, mrudishe. Chumba chake nimeshakifagia.

Mdogo wako, Sheikha

Harrow, 28 Desemba 1978

Mdogo wangu,

Natumai mafua yamekwisha. Muhiddin amemtundikia Mama chandarua. Nilimweleza Mama kwamba dari hii inapasha moto kile inachokiona; ukitia nguo katikati, inayoota moto ni nguo. Akanijibu mbele ya mgeni, "Mwanangu kanishonea. Wewe umenishonea nini?"

Basi nimekiacha. Kila asubuhi namwuliza kama kuna joto. Anasema lipo, na meno yanagongana.

Kumrudisha, hapana. Watasema Talib kashindwa kumtunza mama.

Kaka yako, Talib

Harrow, 23 Januari 1979

Mdogo wangu,

Pole, nami nipe pole. Mama alifariki hospitali Jumatano kwa kichomi, tukamzika Ijumaa. Sikulaumu, ila ujue: alilala chini ya dari yenye moto akafa kwa baridi, na kilichomkinga na moto ni sindano yako.

Kaka yako, Talib

Zanzibar, 20 Februari 1979

Talib,

Hali yako sikuulizi. Barua yako niliiamini. Tangu siku ile sijashika sindano.

Jana Muhiddin amerudi. Anasema mwezi uliopita alipita kwako kumuaga Mama, akamkuta anakuomba, "Umeshinda, mwanangu. Kiondoe hiki chandarua." Mwenyewe hakuweza kusimama. Nawe, umekaa kitini, ukamjibu, "Ngoja Sheikha aje akiondoe." Muhiddin alipopanda kitandani akifungue, ukamwamuru ashuke, nyumba ni yako.

Wanangu wanataka anwani wampe pole mjomba wao. Nimewaambia hawana mjomba.

Sheikha, mtoto wa Bi Zuwena